Haki ya Mwipwa

Chupa ya kichocheo ilikuwa imepasuka. Nathanaël aligundua hivyo alasiri, baada ya kufika Wamaza, alipofungua mfuko wake nyumbani kwa mjomba wake. Ndani mlikuwa na vipande vya kioo na kitambaa kilicholowa. Unga mweupe uliokuwa ndani ya chupa ulikuwa umeyeyuka wote na kutoka na maji. Pikipiki iliyomleta kutoka Kasongo iliteleza kwenye daraja la magogo, mfuko ukatumbukia kijitoni. Yeye na dereva walicheka, wakaufuta matope, wakaendelea na safari.

Vitu vingine vilikuwa salama: pampu mbili ndogo, betri, sahani ya umeme wa jua, madumu ya mafuta na ya pombe. Riakta yenyewe haikupata hata mkwaruzo. Ilikuwa bomba jembamba kuliko utambi wa taa, lililozungushwa mara nyingi na kubanwa kati ya mabamba mawili ya alumini, na yote pamoja haikuzidi ukubwa wa Biblia.

Asubuhi iliyofuata kamati ya ushirika wa mpunga ingekuja kuitazama ikifanya kazi. Ushirika ulikuwa na mashine ya kukoboa iliyonunuliwa kwa shida, na mashine hiyo ilinyamaza kila mvua ilipokata barabara na mazuti, yaani dizeli, kukosekana. Wanawake walirudi kwenye kinu. Nathanaël, aliyesoma kemia Lubumbashi na kisha kufanya kazi Ulaya kwenye riakta za aina hii, alikuwa ameacha kazi hiyo na kurudi Kasongo kwa sababu ya wazo moja: mawese ya hapa na lutuku ya hapa, pombe ambayo kila kijiji hupika kwa muhogo na mahindi, vinaweza kugeuzwa kuwa mafuta ya mashine palepale mpunga unapokobolewa. Kamati ikikubali, angepewa chumba kando ya mashine na wanawake wangemletea mawese. Ikikataa, hakuna ushirika mwingine wa eneo la Kabambare ambao ungemsikiliza. Habari za aina hiyo hutembea.

Kemia yake haikuwa ngumu kueleza. Mawese hayachanganyiki na pombe kali iliyotiwa soda ya kutengenezea sabuni. Ukivitia katika sufuria moja, kila kimoja hukaa upande wake, na kazi hufanyika mpakani tu. Ndani ya bomba jembamba, mafuta na pombe husafiri kwa matone yanayofuatana, mpaka kati yao unakuwa mkubwa sana, na joto hupita upesi. Hata hivyo soda hupenda kubaki upande wa pombe. Kichocheo ndicho kinachoishika, kuivusha hadi kwenye mafuta, kuiacha huko na kurudi kuchukua nyingine. Bomba na kichocheo vikifanya kazi pamoja, mafuta huingia mazito na kutoka mepesi baada ya muda mfupi, yakiwa karibu yote yamegeuka. Bila kichocheo, hugeuka theluthi. Nathanaël alikuwa amelipima jambo hilo mara nyingi na hakuwa na shaka nalo. Angeweza kupunguza mwendo wa pampu ili kupata zaidi, lakini kiasi ambacho kingetoka kwa siku kisingetosha kuendesha mashine.

Alikaa akiutazama mfuko. Kisha akakumbuka kwamba mjomba wake alikuwa mwuguzi mkuu wa kituo cha afya, na kwamba paa la kituo lilivuja, hata stoo yake ikahamishiwa katika chumba cha nyuma cha nyumba hii. Dawa za kuloweka vyombo vya kuzalishia wanawake mara nyingi hutengenezwa kwa chumvi za jamii ileile ya unga wake. Si zote, lakini nyingi.

Mjomba Musafiri hakuwapo. Alikuwa amekwenda vijijini na sanduku la chanjo. Mkewe Cécilia alikuwa uani, anatwanga sombe, majani ya muhogo.

Kwa watu wa huko, mwipwa, yaani mtoto wa dada, ana haki katika nyumba ya mjomba wake. Huingia bila kubisha, hukamata kuku, huchukua shati kwenye kamba, na mwenye nyumba hana la kusema. Akinuna, wazee humcheka. Mke wa mjomba naye ni wa kutaniwa: mwipwa humwita bibi yake, yaani mke wake. Nathanaël alikulia katika haki hiyo. Miaka ya Ulaya alikuwa akiwasimulia wenzake juu yake, nao hawakuamini.

"Bibi yangu," alimwambia Cécilia, "nimekuja kuiba."

"Iba tu, baba. Kuku wamekonda, lakini kwa mutu hana bibi wanatosha."

"Leo sitaki kuku."

"Basi uchukue mwenye nyumba. Anakoroma sana." Hakuacha kutwanga. Alipoulizwa ufunguo wa stoo, alisema uko kwenye msumari.

Bidoni, dumu la plastiki la dawa, ilikuwa chini, nyuma ya maboksi ya glovu. Nusu ya karatasi yake ilikuwa imechanika, ile yenye kiwango cha dawa, lakini maneno ya Kifaransa aliyoyatafuta yalisomeka. Kimiminika kilikuwa cha rangi ya waridi, na kilikuwa kimebaki kidogo, chini ya robo ya bidoni. Alitazama kama kulikuwa na nyingine. Hakukuwa na nyingine.

Hapo ndipo alipopaswa kusimama, na alijua. Alijiambia kwamba atachukua kikombe kimoja tu. Lakini dawa ilikuwa na maji mengi, na maji yakiingia kwenye riakta yake hutengeneza sabuni, na sabuni huziba bomba. Ilibidi dawa ikaushwe kwanza, na kwa kuwa hakujua ukali wake, hakujua kikombe kimoja kingeacha nini. Akaimimina yote katika sufuria, akaiweka juu ya maji ya moto, akakoroga mpaka ikabaki kitu kinachonata kama asali. Akakiyeyusha katika pombe. Kuanzia hapo hakikuweza tena kurudi kuwa dawa ya mtu yeyote.

Mjomba alirudi jua linazama, amechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimkumbatia mwipwa wake, akamuuliza habari za mama yake kule Kasongo, akasema kesho watu wataona mtoto wa dada yake ni mtu wa namna gani. Nathanaël aliamua kumwambia baada ya maonyesho. Mambo yakienda vizuri, lingekuwa la kucheka, kama kuku.

Asubuhi watu walijaa chini ya paa la mashine. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa Mama Émérance, mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya afya kwa sababu watu hawakuona mwingine wa kumpa. Alivuta kiti hadi mbele ya riakta, akaitazama kwa muda, akauliza kama hiyo ndiyo yote. Mtu akasema nyuma kwamba mashine za wazungu hupungua kila mwaka, mwishoni watatuletea jina tu.

Nathanaël alieleza kwa mfano wa mto. Ng'ambo hii mafuta, ng'ambo ile soda. Wanatakiwa kuonana, na hakuna anayejua kuogelea. Bomba lake hufanya mto uwe mwembamba. Kichocheo ni mtumbwi: unapakia, unavuka, unashusha, unarudi mtupu kuchukua wengine. Watu wa Wamaza wengi wamevuka mto Lualaba pale Nyangwe, walielewa mara moja.

"Na nauli ya mutumbwi," akauliza Mama Émérance, "nani analipa?"

Watu wakacheka. Nathanaël akacheka pia, kwa kuchelewa kidogo, akajibu kwamba kichocheo hakiliwi na kazi, ndiyo maana kinahitajika kidogo. Jibu lilikuwa sahihi.

Aliwasha pampu. Matone yalionekana yakiingia kwenye bomba, jekundu, jeupe, jekundu, jeupe, yakapotea kati ya mabamba ndani ya beseni la maji ya moto. Upande wa pili kimiminika kilianza kudondoka kwenye chupa ya kioo. Mwanzoni kilikuwa kama uji. Kisha, chini ya macho ya watu, kikaanza kujitenga: chini kahawia, nzito, ndiyo gliserini, juu rangi ya machungwa, nyepesi, inayopenya mwanga. Wazee wawili waliinama hadi vipara vyao vikagongana.

Walingoja mpaka yakapatikana mafuta ya kutosha. Nathanaël aliyasafisha kwa maji ya chumvi, akayakausha, akayachuja, na mtunza mashine akayamimina kwenye injini. Injini ilikohoa, ikatoa moshi unaonukia kama maandazi, ikashika. Mama mmoja hakungoja ruhusa. Alimimina beseni lake la mpunga, na mchele ukaanza kutoka. Mama Émérance alisimama na kuweka kiganja chake juu ya injini, jinsi mtu anavyomgusa ng'ombe kabla ya kumnunua.

Wakati huo Musafiri alikuja kuitazama chupa kwa karibu. Aliinama, akainusa. Mwuguzi wa miaka mingi anaijua harufu ya dawa yake hata ikiwa imepita kwenye mawese na moto. Akainua uso na kumtazama mwipwa wake. Nathanaël aliona kwamba amejua. Mjomba alirudi kwenye benchi, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti.

Mkunga Laetitia alifika mchele ukiwa bado unatoka. Alikuwa msichana mwembamba wa Kasongo, hana mwaka tangu apelekwe Wamaza, na nguo yake ilinuka moshi wa kuni mbichi. Alitaka kuzungumza na Musafiri pembeni. Mama Émérance alimwambia kama ni habari ya kituo aiseme hapa, kamati ya afya nayo iko hapa.

Laetitia alieleza bila kupamba. Alfajiri alikuja Chadia, mke wa fundi wa baiskeli, uchungu umeshika. Mtoto alitoka salama, mkubwa, lakini mama alichanika vibaya. Vyombo vilikuwa vimetumika jana yake kwa mwanamke mwingine na vilitakiwa kulowekwa. Sufuria ya mvuke ya kuulia vijidudu haikufunga, mpira wake ulikuwa umekufa tangu mvua iliyopita, na kila mtu kwenye kamati alilijua hilo. Alikwenda kwenye stoo kuchukua dawa, Musafiri akiwa ameshatoka kuja kwenye mashine. Bidoni ilikuwa kavu. Ikabidi achemshe vyombo kwa kuni zilizolowa, na moto ukakataa, na Chadia akalala mezani na kitambaa katikati ya miguu, anatoka damu, mpaka jua likapita juu ya paa. Sasa ameshonwa. Anaishi. Hawezi kuinua kichwa.

Injini ilikuwa inaendelea kunguruma. Mama Émérance alimwashiria mtunza mashine apunguze.

"Musafiri," alisema, "bidoni ilikwenda wapi?"

Kila mtu aliyekuwa pale alimkumbuka mwuguzi aliyetangulia, ambaye dawa zake zilikuwa zikionekana sokoni, na jinsi alivyofukuzwa. Nathanaël aliona nyuso zikielekea kwenye benchi la mjomba wake. Hazikuwa na hasira bado. Zilikuwa zikihesabu.

"Stoo iko nyumbani kwangu," alisema Musafiri. "Ufunguo iko wangu. Mimi ndiye wa kujibu."

Hakusema zaidi, na Nathanaël alielewa kwamba hatasema zaidi. Mjomba hamshitaki mwipwa wake. Akifanya hivyo amelikana tumbo la dada yake. Angeweza kupoteza kazi, angeweza kuitwa mwizi mpaka afe, na jina la mwipwa wake lisingetoka kinywani mwake. Ukimya ulikuwa salama kabisa kwa Nathanaël. Aliona pia, kwa usahihi uleule aliousomea, kwamba kila sekunde aliyonyamaza alikuwa anaiba tena kwenye stoo ileile.

Akaanza kusema. Alianzia kwenye daraja la magogo na chupa iliyopasuka. Alieleza kwamba chumvi za aina ile hutumika katika dawa na katika kemia vilevile, na kwamba maji katika dawa yalikuwa tatizo. Alijisikia akieleza na hakuweza kuacha.

"Baba," Mama Émérance alimkatiza, taratibu. "Tunauliza bidoni."

"Nilichukua mimi. Mjomba hakujua. Iko ndani ya ile chupa, na kwenye injini."

Mtunza mashine aliondoa mkono wake juu ya injini kana kwamba imemuunguza.

"Ni mwipwa wangu," alisema Musafiri upesi. Alikuwa amesimama. "Mwipwa haombi. Ameingia kwangu, amechukua kwangu. Wote hapa mumechukua kwa wajomba wenu. Hakuna kesi."

Wazee wengine walitikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jambo la kweli, na kwa kitambo ilionekana litatosha. Nathanaël alitamani litoshe. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye kuliko yote, kwamba alitamani.

"Shefu," alisema Laetitia kwa mkuu wake, na hakupandisha sauti, "kuku iko yako. Bidoni ilikuwa ya Chadia."

Hakuna aliyetikisa kichwa tena. Musafiri alikaa.

Mama Émérance alikuwa na swali moja lililobaki. Alitaka kujua, bila ile bidoni mashine yake ndogo ingefanya nini.

"Theluthi," alijibu Nathanaël. "Mafuta yangegeuka theluthi tu. Yasingewasha injini."

"Ungetuonyesha theluthi." Alisema bila ukali, kama mtu anayesahihisha hesabu. "Theluthi tunaijua. Mvua ikikataa, tunavuna theluthi. Ungesema mutumbwi umezama njiani, tungengoja mwingine. Sasa hatujui tumeona nini."

Akamwambia mtunza mashine azime. Injini ilinyamaza. Yule mama ambaye hakungoja ruhusa alirudi na beseni lake, nusu mchele nusu mpunga, akalibeba kichwani akaenda. Uamuzi wa kamati ulitolewa kabla watu hawajatawanyika: chumba hakitatolewa, mtaalamu anaweza kurudi msimu mwingine akitaka, na vyombo vyake mwenyewe. Kuhusu Musafiri, stoo itaondolewa nyumbani kwake paa likitengenezwa, na habari itapelekwa kwa wakubwa wake, maana ufunguo ulikuwa wake kweli.

Mchana ule Nathanaël alikwenda kituoni. Hakujua atasema nini. Mama yake Chadia alikuwa ameketi mlangoni anachambua majani, hakuwa amesikia lolote kutoka kwenye mashine. Alipomtambua alinyanyuka, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa kuwa watoto wa hapa wanaosoma mbali na kisha kurudi kusaidia wazazi wao ni wachache. Alimwalika aingie amwone mjukuu. Ndani, Chadia alikuwa amelala, midomo yake imepauka. Mtoto alikuwa mzito kweli. Nathanaël alimpakata, akamrudisha, akatoka. Hakusema. Alikuwa amesema mbele ya kamati nzima, na mbele ya mwanamke huyu mmoja hakuweza.

Alikwenda Kasongo, akarudi na bidoni mbili za dawa ileile na mpira mpya wa sufuria ya mvuke. Laetitia alikagua mihuri, akasoma karatasi yote mpaka mwisho, akamwonyesha mahali pa kuweka. Hakumshukuru, na hakukuwa na sababu ya kumtaka amshukuru. Chadia alikuwa amekwisha kurudi kwake.

Kisha akaenda kumuaga mjomba. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na kufuli jipya, na msumari wa ufunguo ulikuwa mtupu. Cécilia alimsalimu vizuri. Alimwita Nathanaël, kwa jina lake, akamletea maji ya kunywa juu ya sahani. Nathanaël naye hakuweza kutamka neno "bibi yangu"; lilifika mdomoni likakaa hapo.

Musafiri alizungumza juu ya barabara na mvua. Kuhusu barua kutoka kwa wakubwa wake alisema tu kwamba imefika. Nathanaël alipoanza kuomba msamaha, mjomba aliinua kiganja, si kwa hasira, akaingia uani. Kuku walilia. Alirudi ameshika kuku jike mwekundu, mnene kuliko wote, miguu imefungwa kwa kamba safi ya mgomba.

"Chukua," alisema. "Ya njiani."

Tangu ajue kutembea, Nathanaël alikuwa hajawahi kupewa kuku katika nyumba ile. Wageni ndio hupewa. Alinyoosha mikono miwili, kama mgeni anavyofanya, akampokea, akainamisha kichwa na kusema asante. Mjomba akajibu karibu tena.

Dereva wa pikipiki alimning'iniza kuku kwenye usukani. Kwenye daraja la magogo Nathanaël alishuka, akavuka kwa miguu, amebeba mfuko kifuani.